Kipepeo wa bustani anapungua: walijuaje?

Ukiuliza mzee wa Bukavu ao wa Butembo kama zamani vipepeo walikuwa wengi, atakujibia ndiyo. Lakini nani alihesabu?

Kule Uingereza walihesabu. Wako na kipepeo mmoja wa rangi ya machungwa, mwenye madoa meusi na vidoa vya buluu pembeni ya mabawa: Aglais urticae. Alikuwa wa kawaida katika kila bustani. Tangu 1976 watu wanapita njia ileile kila posho wakati wa joto, wanaandika wale wanaowaona. Hesabu yao inaonyesha amepungua kwa zaidi ya robo tatu.

Sababu? Bado wanabishana. Viwavi wake wanakula majani ya kuwasha, yale tunayong'oa mbio mbio. Jua likiyakausha, wanakosa chakula. Tena mwishoni mwa miaka ya 1990 kukaonekana inzi mmoja, Sturmia bella. Anataga vijiyai vidogo sana juu ya majani hayo. Kiwavi akivimeza, funza anamkula toka ndani. Lakini inzi peke yake haelezi yote: 2013 kipepeo alirudi kwa wingi, na inzi alikuwa pale pale.

Tangu 2010 hata mtoto kule anasaidia: dakika 15 bustanini, mwezi wa saba ao wa nane, anahesabu.

Hapa kwetu, kama uko na mti wa machungwa ao ndimu kwenye parsele, angalia majani yake. Kiwavi mdogo anayefanana na mavi ya ndege atakuja kuwa kipepeo mweusi na manjano. Usimuue kwanza. Andika tarehe na hesabu, na mwaka kesho uangalie tena mti uleule.