Tukihamisha mitambo, pesa zako ziko wapi?
Umemtumia mama pesa usiku, na meseji ya kuthibitisha haijaingia. Usitume tena! Huenda tunahamisha mitambo.

Huduma yetu huendeshwa na mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya seva kubwa. Tukizihamishia seva za kampuni nyingine, tunanakili rekodi zote, tunalinganisha pande mbili, ndipo tunazima za zamani. Pesa zenyewe hazihami: ziko benki, kwenye akaunti ya amana.

Kwa hivyo, subiri meseji, kisha angalia salio kabla ya kurudia. Na mtu akikupigia eti, "Tunahamisha akaunti yako, tupe PIN," kata simu. Kuhamisha mitambo ni kazi yetu. PIN ni yako peke yako.