Mwili wa mutoto unajengwa mbele mama ajue kama iko na mimba

Ku Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wakati mutoto anazaliwa na kilema, familia inatafuta mwenye kosa. Lakini munganga mwenye kujua namna mutoto anajengwa mu tumbo anaweza kusoma mu ule mwili ni juma gani kazi iliharibika. Na kile anasoma kinaangalia pia baba mwenye kutumika mu mine.

Mutoto akitoka na mudomo wenye kupasuka, ao na kivimbe ku mugongo, maneno inaanza palepale ku maternité. Upande wa bwana wanasema bibi alitembea vibaya. Upande wa bibi wanasema bwana alienda kwa mufumu juu apate manerai. Wengine wanasema mama aliangalia kitu kibaya mu mwezi wa saba. Kuko ndoa zenye zilivunjika juu ya maneno kama ile, na kuko mama wenye walirudishwa kwao na mutoto mu mikono.

Kalendari peke yake inamaliza sehemu kubwa ya maneno hayo. Mu mwezi wa saba, mudomo, moyo, mikono na uti wa mugongo vimekwisha kujengwa zamani sana.

Siku 28

Tuelewane kwanza juu ya hesabu. Ku lopitali wanahesabu mimba tangu siku ya kwanza ya damu ya mwisho. Hapa tutahesabu tangu siku mbegu ya baba ilikutana na yai ya mama, ni kusema juma mbili kisha ile ya lopitali.

Mu juma ya tatu, mutoto iko kama kijani kidogo, hata milimetre mbili ao tatu tu. Ku mugongo wake kuko bamba jembamba. Hilo bamba linajikunja, upande huu na upande huu, kama karatasi yenye mama muuzaji anakunja juu ya kutia karanga, mpaka linakuwa muferegi wenye kufungwa. Ule muferegi ndio utakuwa ubongo na uti wa mugongo. Upande wa kichwa unafungwa karibu siku ya 25, upande wa chini karibu siku ya 28. Kama juu hakukufungwa, mutoto anakosa mufupa wa kichwa na sehemu ya ubongo, na hataishi. Kama chini hakukufungwa, anazaliwa na uti wa mugongo wazi, ile waganga wanaita spina bifida.

Sasa ujiulize: siku ya 28, mama iko wapi? Amechelewa kuona mwezi kwa juma mbili tu. Wengi wanafikiri ni malaria ao uchovu. Wakati anafika ku CPN mu mwezi wa ine na kupewa kidonge cha kwanza, ule muferegi umekwisha kufungwa, vizuri ao vibaya, tangu zaidi ya miezi mbili.

Viungo vingine vinafuata haraka. Moyo unaanza kupiga karibu siku ya 22. Mikono inatoka mu juma ya ine kama vichipukizi. Mwisho wa juma ya munane vidole vimekwisha kuachana. Mudomo wa juu unaungana mu juma ya sita na ya saba; dari ya kinywa inamaliza kufungwa karibu juma ya 12. Utumbo unakua mbio kuliko tumbo, basi mu juma ya sita unatoka inje na kuingia mu kamba ya kitovu, kisha karibu juma ya kumi unarudi ndani. Kama haukurudi, mutoto anazaliwa na utumbo mu kitovu.

Mwisho wa juma ya munane mutoto ana sentimetre tatu hivi, na karibu viungo vyake vyote vimeanza. Kisha hapo ni kukua na kukomaa. Hatari haiishe, lakini inabadilika: risasi (plomb) ao lutuku mu miezi ya mwisho haipasue mudomo, ila inaweza kuharibu ubongo wenye ungali unajengwa, ao kufanya mutoto azaliwe mudogo.

Kile munganga anapashwa kutafuta

Juu ya muuguzi ao sage-femme, hii kalendari ni chombo cha kazi. Mutoto mupya anapashwa kuangaliwa tangu kichwa mpaka kisigino: kinywa kwa mwangaza na kidole chenye kunawishwa, juu dari yenye kupasuka inaweza kujificha nyuma ya mudomo muzuri, mugongo wote mpaka chini, kitovu, mulango wa haja kubwa, vidole na miguu. Kama haja ya kwanza haijatoka mu masaa 24, lazima kuangalia tena na kuita munganga.

Kilema kimoja kinaomba kutafuta cha pili. Viungo vingi vinajengwa mu juma zilezile, basi mutoto mwenye kasoro yenye kuonekana inje anaweza kuwa na ingine ku moyo.

Uti wenye kuwa wazi haudungwe sindano na haupakwe dawa ya kienyeji: unafunikwa na kitambaa safi chenye kulowanishwa na serum, mutoto analazwa kwa tumbo ao kwa upande, na anatumwa ku lopitali kubwa. Utumbo wenye kuwa inje unafunikwa na plastiki safi ili usikauke na mutoto asipate baridi. Mutoto wa mudomo wenye kupasuka anaweza kukosa nguvu ya kunyonya, na wengi wanakufa na njaa kumbe mudomo unaweza kushonwa: mama akamue maziwa yake na kumunywesha na kikombe kidogo ao kijiko. Muguu wenye kupinda unanyooshwa na plasta, juma kwa juma, kama wanaanza mapema.

Na si kila kasoro inatoka mu mine. Kidole cha sita, kwa mufano, mara mingi ni ya ukoo. Mara mingi ingine, sababu ya kilema haijulikane kabisa.

Uchunguzi wa Lubumbashi

Lakini swali la mine si maneno ya barabarani tu. Kati ya mwezi wa tatu 2013 na mwezi wa pili 2015, watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walichunguza watoto 138 wenye kuzaliwa na kilema chenye kuonekana, na wengine 108 wenye afya, wa maternité zilezile za Lubumbashi. Kati ya watafiti mulikuwa Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu. Walipima metali mu damu na mukojo wa mama, mu damu ya kitovu, mu kondo, hata mu vumbi ya nyumba. Matokeo ilitoka 2020 mu The Lancet Planetary Health.

Kitu chenye kilionekana kwa nguvu zaidi kilikuwa kazi ya baba. Wakati baba anatumika mu kazi ya mine, nafasi ya mutoto kuzaliwa na kilema ilipanda mara 5,5. Hesabu hiyo iko na mipaka mipana, tangu 1,2 mpaka 25, juu watoto wenye kuchunguzwa hawakuwa wengi. Ni alama ya hatari, haiseme kama kila mutoto wa muchimbaji atakuwa na kilema. Walio wengi wanazaliwa wazima.

Metali mu mwili wa mama zote, wenye watoto wazima na wenye watoto wa kilema, zilikuwa kati ya zile za juu kabisa zenye zimekwisha kupimwa ku wanamuke wenye mimba. Na hakukuonekana metali moja ya kusema: ni mimi. Inawezekana sumu za metali zinavuruga kazi ya madini zenye mwili unahitaji, kama zinki na manganeze, lakini haijaeleweka wazi.

Namna gani kazi ya baba inafikia mimba? Kuko njia mbili za kufikiria. Ya kwanza, mbegu ya mwanaume inatengenezwa mu siku karibu 74: vumbi yenye anavuta leo inakutana na mbegu ya miezi mbili na nusu ijayo. Ya pili ni vumbi yenyewe, yenye anarudisha ku nyumba mu nguo, viatu, nywele na mifuko.

Habari njema ya uchunguzi uleule: mama wenye walikunywa vitamini wakati wa mimba, nafasi ya kilema ku watoto wao ilikuwa karibu moja ya tano ya wengine.

Ya kufanya, na lini

Kama kalendari inasema siku 28, basi kazi inaanza mbele ya mimba. Mama mwenye anaweza kupata mimba akunywe asidi foliki, mikrogramu 400 kila siku, tangu mbele ya mimba mpaka miezi tatu ya kwanza. Mwenye alikwisha kuzaa mutoto wa uti wazi anahitaji kipimo kikubwa zaidi, chenye munganga ataandika: uchunguzi wa Uingereza na inchi zingine, 1991, ulionyesha kama miligramu 4 kwa siku zinapunguza hatari ya kurudiliwa kwa 72 ku mia. CPN ya kwanza isipite juma ya 12. Mama wa kifafa mwenye kukunywa valproate asiache dawa peke yake, lakini amuone munganga mbele ya kubeba mimba, juu ile dawa inaweza kuacha uti wazi.

Baba abadilishe nguo na viatu mbele ya kuingia mu nyumba, aoge, na ile nguo ifuliwe pa mbali, si na mama mwenye mimba. Manerai isilale mu chumba, isipondwe mu parselle. Mama mwenye mimba asisafishe mawe ku muto. Vumbi ya nyumba ipanguswe na kitambaa chenye maji. Kampuni na koperative zenye kuwa na mahali pa kuoga na pa kuacha nguo ya kazi zinalinda zaidi ya mutumishi mumoja.

Na wewe baba, wakati unamusindikiza bibi ku CPN, useme kazi yako. Useme unachimba, unaponda, unabeba ao unayeyusha. Kama mutoto amekwisha kuzaliwa na kilema, useme ile mbele ya familia yote, juu mama asibebe peke yake kosa lenye hakufanya.