Betri Isiyojaa: Mashaka ya Sigara ya Umeme



Wapenzi wasomaji, baadhi yenu mtashangaa kuikuta mada hii katika ukurasa wetu. Ni sigara ya umeme, ile ambayo vijana wanaiita vepu, na khasa ni swali moja tu linaloihusu: kwa nini betri yake wakati mwingine huchukua muda mrefu mno kujaa? Hatuandiki kwa nia ya kuisifu. Tulifundisha fizikia kwa miaka mingi, na hapana mwaka uliopita bila ya kuwakanya wanafunzi wetu na moshi wa kila aina. Lakini yaliyomkuta mzee mwenzetu hapa Uingereza Ramadhani iliyopita yametufanya tuone kwamba kunyamaza si busara.

Mzee huyu alivuta sigara za kawaida tangu ujana wake wa ubaharia. Alipoanza kukohoa usiku alishauriwa na waganga ajaribu sigara ya umeme ili aachane na tumbaku. Ushauri huo si wa ajabu katika nchi hii. Idara ya afya ya Uingereza inasema kwamba madhara yake ni machache kuliko ya sigara ya moto, ingawa si salama kabisa, na kwamba asiyevuta asianze. Alianza kwa zile za kutumia na kutupa. Tarehe 1 Juni 2025 uuzaji wa hizo za kutupa ukapigwa marufuku nchini, na mwanawe akamnunulia ya kuchajiwa. Kwa miezi kadhaa mambo yakawa mazuri, pakiti za sigara zikatoweka nyumbani, na mkewe akamshukuru Mungu.

Kisha betri ikaanza kuzembea. Mzee alikuwa akifunga, hivyo mchana kifaa kilikaa tu. Alikichomeka aliporudi tarawehe, akakiacha hadi futari ya kesho yake, na hapo akakikuta hakijafika hata nusu. Siku ya kwanza alivumilia. Ya pili alinuna. Ya tatu, baada ya futari, simu yetu ililia.

"Mwalimu, muwahi mwenzako," alisema mkewe. "Ameshavaa koti, anakwenda dukani."

Hakuhitaji kutueleza anakwenda kununua nini. Tulimkuta mlangoni, mkono mmoja katika koti na mwingine nje. Akatutupia kile kifaa kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Hii imekufa," alisema. "Imechajiwa usiku kucha na mchana kutwa."

Tukamwuliza inachajiwa wapi. Akatuonyesha nyuma ya televisheni.

Hapo tulilazimika kukaa na kufanya hesabu, na tunaomba msomaji naye akae nasi. Kwa kawaida kifaa cha namna hii kimeandikwa, ama ubavuni ama kwenye boksi lake, uwezo wa betri yake kwa miliampea-saa, kwa herufi mAh. Tuchukue ya 1000. Tundu la USB la televisheni au la kompyuta ya zamani kwa kawaida hutoa miliampea 500. Gawa 1000 kwa 500, utapata saa mbili. Ongeza umeme unaopotea njiani kwa njia ya joto, na ongeza mwendo wa pole wa mwisho ambao tutaueleza, utakaribia saa tatu. Basi ukiona kifaa chako chenye betri hiyo kinachukua saa mbili na nusu kwenye tundu dogo, hakina ugonjwa wowote, ndivyo kilivyo. Lakini cha mzee hakikujaa kwa usiku mzima pamoja na mchana wake, na hilo halielezeki kwa hesabu hii.

Tukaizima televisheni kwa rimoti. Taa ndogo ya sigara ikazimika palepale. Tukaiwasha, taa nayo ikawaka. Televisheni ya mzee, kama zilivyo nyingine nyingi, hukata umeme wa tundu lile inapozimwa. Kwa miezi yote iliyopita ilikuwa ikikesha na michezo ya mpira, na betri ikijaa. Ramadhani ilipoingia, mwenyewe akaacha televisheni akashika msahafu. Betri ikabaki na nusu saa ya taarifa ya habari kila usiku!

Tulicheka, naye akacheka, ila koti hakulivua. Tukaomba chaja ya ukutani. Hapo mwanawe akaleta chaja mpya ya simu, kubwa, ya wati 65, na waya wake wenye ncha mbili nyembamba zinazofanana, zile zinazoitwa USB-C. Tulipochomeka, taa haikuwaka kabisa. "Nilikwambieni imekufa," akasema mzee.

Tuliwahi kuliona jambo hili, ndiyo maana tunaliandika kwa kirefu, kwani vifaa vingi vizima hutupwa kwa sababu yake. Chaja mpya yenye tundu la USB-C haitoi umeme ovyo. Hungoja kwanza dalili kutoka kwa kifaa kilichochomekwa, na dalili hiyo hutolewa na vipingamkondo viwili vidogo mno ambavyo mtengenezaji anatakiwa aviweke ndani. Watengenezaji wa vitu vya bei nafuu huviacha ili kuokoa senti chache. Kifaa hakibishi hodi, na chaja haifungui mlango. Dawa yake ni kutumia waya wa zamani, ambao ncha yake moja ni ile pana ya mstatili, pamoja na chaja ndogo ya zamani. Chaja hiyo haisubiri hodi. Tuliipata moja katika droo ya jikoni, imeandikwa volti 5 na ampea 1, na taa ikawaka.

Na lau ile ya wati 65 ingekubali, isingeharakisha kitu. Watu wengi hudhani chaja kubwa husukuma umeme kwa nguvu kama bomba la zimamoto. Sivyo. Kipande kidogo cha saketi kilichomo ndani ya kifaa ndicho kinachoamua kunywa kiasi gani. Kama kimepangiwa nusu ampea, kitakunywa nusu ampea hata ukikipa chaja ya lori. Kwa hiyo kununua chaja kubwa kwa ajili ya kuharakisha ni kupoteza fedha, na kununua chaja ya bei ya kutupa isiyojulikana imetoka wapi ni kuingiza moto nyumbani, kwani ndani ya zile za bandia kinga baina ya umeme wa ukutani na waya ulioushika mkononi huwa hafifu.

Hata hivyo ncha ya waya ilikuwa haikai vizuri. Ilicheza, na ilibakia nje kidogo, kama jino lililoota vibaya. Tukachukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, kifaa kikiwa kimezimwa na hakijachomekwa popote, tukachokoa polepole. Lililotoka mle lilimshangaza kila mtu: vumbi la mfukoni na nyuzi za pamba za kanzu, zimeshindiliwa pamoja hadi zikawa kama kipande cha godoro. Msitumie pini wala sindano kwa kazi hii, kwani chuma kinaweza kugusisha sehemu mbili zisizotakiwa kugusana na kupiga shoti. Kama mnaona unyevu wenye kunata, hayo ni maji ya nikotini yaliyovuja. Futeni kwa kijiti chenye pamba na spiriti kidogo, kisha muache pakauke barabara kabla ya kuchaji. Maji hayo ni sumu kwa mtoto mdogo, basi na chupa yake ikae juu asikoweza kufika.

Wakati ule wote tulikuwa tukibadilisha kitu kimoja kimoja: kwanza mahali pa kuchajia, kisha chaja na waya wake, kisha tundu. Wanafunzi wetu walikuwa na desturi ya kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, jaribio likafaulu, na wasijue ni kipi kilichofaa. Waya ndio rahisi kuujaribu, kwani unaweza kuuchomeka kwenye simu. Kama na simu nayo inajaa kwa uvivu, mkosaji amepatikana. Waya mrefu na mwembamba hupoteza nguvu njiani, na uliokunjwa mara nyingi karibu na ncha huwa umekatika ndani ijapokuwa nje unang'ara.

Tuliahidi kueleza ule mwendo wa mwisho. Anayejaza mtungi kwa kata humimina kwa haraka mwanzoni, na maji yakikaribia shingo hupunguza mkono yasije yakamwagika. Betri za lithiamu zinajazwa vivyo hivyo. Mwanzo hupokea mkondo wote. Zinapofikia kiasi cha volti 4.2 saketi hupunguza mkondo kidogo kidogo hadi kukoma. Kwa sababu hiyo sehemu ya tano ya mwisho inaweza kuchukua muda mrefu kupita kiasi mtu anachotarajia, na hapo hapana kosa la kutengeneza. Anayevuta huku kifaa kikiwa kwenye chaja, na mzee wetu alikiri kwamba alikuwa akifanya hivyo, anajaza ndoo iliyotoboka.

Baridi nayo ina sehemu yake. Kifaa kilicholala ndani ya gari usiku wa Januari kisichajiwe papo hapo. Kikae chumbani kwanza kipate joto la nyumba, kwani kuchaji betri ya lithiamu chini ya nyuzi sifuri huiharibu kwa ndani. Jamaa zetu wa Ghuba wana shida iliyo kinyume, ya joto la gari lililoegeshwa juani. Na betri huzeeka. Baada ya kujazwa mamia ya mara hushika chaji kidogo zaidi, lakini mara nyingi dalili ya uzee ni kwisha upesi, siyo kujaa polepole peke yake.

Sasa tufike kwenye jambo lililotutia hofu zaidi. Tulipolisimulia tukio hili msikitini, mama mmoja alitufuata nje. Alikuwa ameikuta vepu chini ya mto wa mwanawe wa miaka kumi na sita, imechomekwa, na moto mkononi. Kijana alijitetea kwamba inachelewa kujaa, ndiyo maana anaiacha usiku kucha. Mama alitaka kujua ni lipi zito zaidi, kwamba mtoto anavuta au kwamba kitu ni moto.

Tulimwambia kwamba usiku ule zito ni moto. Betri ya lithiamu yenye hitilafu inaweza kujipasha yenyewe hadi kuwaka, nayo ikiwaka hutoa moto mkali na moshi wenye sumu, na mto na blanketi huzuia joto lisitoke. Kifaa kinachochelewa kujaa na wakati huohuo kinapata moto kinapoteza umeme mahali pasipostahili. Hicho si cha kuchokolewa kwa kijiti. Kitolewe kwenye chaja, kiwekwe juu ya kitu kisichoshika moto mbali na njia ya kutokea, na kisichajiwe tena. Hali kadhalika kilichovimba, kinachovuja, kilichoangushwa kikapasuka, au kinachotoa harufu ngeni. Kama tayari kinatoa moshi, tokeni nje mpige 999. Kisitupwe katika pipa la taka, kwani betri ikibanwa ndani ya lori la taka huwaka. Maduka yanayouza vifaa hivi Uingereza yanatakiwa kuvipokea vya zamani, bila ya malipo. Chenye kasoro waambieni kabla hamjakibeba.

Ama kuhusu kuvuta kwa kijana, sheria ya hapa imekataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, na sisi hatuoni sababu yoyote ya mtoto asiyewahi kuvuta tumbaku kufungwa na nikotini. Aliyebuni kifaa hiki kwa sura yake ya kisasa, mfamasia wa Kichina Hon Lik, mwaka 2003, alikuwa mvutaji aliyetaka kuachana na sigara, na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Hakuwa akiwatengenezea wanaskuli. Lakini tulimsihi mama asianze kwa ukali, maana kijana anayeogopa kukiweka mezani atakirudisha chini ya mto.

Kwa wanaosafiri likizo: tangu mwaka 2015 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimekataza sigara za umeme katika mizigo inayokwenda chini ya ndege, na kuzichaji ndani ya ndege. Ziwe katika mkoba wa mkononi, zimezimwa. Na anayepitia Doha akumbuke kwamba Qatar imezipiga marufuku.

Mzee wetu alilivua koti usiku ule. Kifaa kilichajiwa juu ya kigae cha jikoni, karibu na birika, na baada ya saa moja na dakika arubaini taa ikageuka kijani. Tulikuwa tumemaliza kahawa na tende zote, na mkewe alikuwa amelala kitini. Sasa anakichaji hapohapo kila siku baada ya alasiri, akiwa macho, na lile tundu la nyuma ya televisheni amelifunika kwa plasta.