Mchongoma

Mchongoma ni kichaka kikubwa au mti mdogo wenye miiba mikali, wa familia Salicaceae. Matunda yake madogo ya mviringo huitwa machongoma. Jina la kisayansi ni Flacourtia indica. Neno indica lisimpotoshe msomaji: mmea huu ni wa asili katika Afrika ya kitropiki na Madagaska, si Asia peke yake. Jenasi yake ilipewa jina la Étienne de Flacourt, Mfaransa aliyekuwa gavana huko Madagaska katika karne ya 17.

Mchongoma huota katika misitu ya miombo na vichakani, kuanzia nyanda za chini hadi mahali penye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Kwa hiyo katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania, unaweza kupandwa kwenye milima ya Mbinga na vilevile mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, kama vile Mbamba Bay na Liuli, katika Wilaya ya Nyasa iliyotengwa na ile ya Mbinga mwaka 2012.

Maelezo

Mara nyingi mmea hufikia kimo cha mita 3 hadi 5, ingawa unaweza kupita hapo. Majani machanga huwa mekundu. Shina na matawi hubeba miiba mirefu, na ndiyo asili ya methali "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma". Tunda lina upana wa sentimita 1 hadi 2.5, hugeuka kutoka kijani kuwa jekundu, kisha zambarau iliyokoza, na ndani lina mbegu kadhaa.

Kwa kawaida maua ya kiume na ya kike hukaa kwenye miti tofauti. Mti dume hauzai hata ukitunzwa vipi, na mti jike ulio peke yake, mbali na dume, unaweza kuchanua bila kutoa tunda.

Kupanda nyumbani

Hapo ndipo wengi hukosea. Mche uliotokana na mbegu haujulikani jinsia yake mpaka uchanue, na hilo huchukua miaka. Mtu anayepanda miche miwili tu ya mbegu anaweza kusubiri muda wote huo na mwishowe kupata madume mawili. Njia ya uhakika zaidi ni kwenda porini au kwa jirani wakati wa matunda, kuutia alama mti unaozaa vizuri, kisha kuchukua kwake vipandikizi au machipukizi ya mizizi. Mmea utakaopatikana utakuwa jike kama mama yake. Dume mmoja karibu hutosha kwa majike kadhaa. Kama michongoma ya porini iko jirani, huenda hata huyo asihitajike.

Anayetumia mbegu azioshe nyama yote ya tunda, azianike kivulini na kuzisia kitaluni. Eneo hili lina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, hivyo miche ihamishiwe shambani mvua zinapoanza ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Nafasi ya mita 1 hadi 1.5 yatosha kwa ua. Anayetaka matunda zaidi aache mita 4 au 5. Mmea hukubali udongo wa aina nyingi, hata wa kichanga, mradi maji yasituame.

Kazi kubwa ni ya mwaka wa kwanza: kumwagilia wakati wa kiangazi, kupalilia, na kusafisha nyasi kavu kuuzunguka mche, kwa kuwa moto wa kichaka huumaliza upesi. Miaka inayofuata yatosha kupogoa baada ya mavuno. Usipandwe kando ya njia wanapopita watoto.

Matumizi

Machongoma huliwa mabichi au hupikwa jamu. Yasiyoiva vizuri hukaza mdomo, hivyo huvunwa yakiwa yameiva kabisa na kulainika. Ua wa michongoma huzuia mbuzi na ng'ombe, na mbao zake ngumu hufaa kwa mipini ya majembe.

Mchongoma usichanganywe na kayaba (Dovyalis caffra), mmea wa kusini mwa Afrika unaopandwa pia kuwa ua, na ambao baadhi ya watu huuita mchongoma. Tunda la kayaba likiiva huwa la njano.