Konje ya kiangazi: tupeleke jamaa Lubumbashi, si timu peke yake

Masomo yamefungwa, baridi ya asubuhi inauma vidole, na mu kila ekipi ya Kolwezi na Likasi swali ni moja: konje yako unaifanya wapi? Wengi wanajibu ku mugini. Wengine wanajibu Lubumbashi na kucheka kidogo, kwa sababu Lubumbashi ya konje tunaijua. Baba anapanda bisi pamoja na timu ya wazee, wanacheza mpira saa moja, wanakunywa mpaka usiku, na mama anabaki ku nyumba akihesabu siku. Baba akirudi, feza ya masomo ya mwezi wa tisa imekwisha kuguswa.

Mwaka huu timu yetu ya wazee imeandikia timu moja ya Lubumbashi barua ya mchezo wa kirafiki, na mu mukutano tumekata shauri: mwenye bibi na watoto hapandi bisi bila wao. Kuna waliokasirika. Mmoja alisema, "Babibi bakienda, batahesabu chupa." Tukamjibu, njo vile tunataka. Sasa tunaandika hapa namna tunavyopanga safari hii, kusudi na timu zingine zione, wachukue kinachowafaa.

Jambo la kwanza ni konje yenyewe, maana bila konje hakuna safari. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mtu mzima siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika, na siku moja zaidi kwa kila miaka 5 ya kazi mu kampuni. Basi aliyemaliza mwaka ana siku 12, na mwenye miaka 15 ana siku 15. Hizo ni za chini kabisa. Mapatano ya kampuni yako yanaweza kutoa zaidi, uliza delege wako akusomee. Na mu siku zile za konje mshahara unaendelea. Tunasema hivi juu ya ndugu zetu wa sutretansi, wanaoambiwa na mabosi wengine, "Acha konje, tutakupa kitu kidogo mukononi." Kitu kidogo kinakwisha kwa wiki moja, na mwili haupumziki. Konje haiuzwi kama mufuko wa unga. Kwa wakrezeri hatuna jibu nzuri: hawana karatasi, hawana konje, siku wasiposhuka mu kilindi hawali. Wale wanaotaka kuja na sisi tumewaambia walipe nafasi ya bisi kidogo kidogo tangu mwezi wa ine, na wako waliofanya vile.

Feza tunaigawa mbele ya kutoka, mezani, bibi akiwa pale. Bahasha moja ni ya njia kwenda na kurudi. Hiyo haifunguliwi kwa kitu kingine, hata mutu akililia nani. Bahasha ya pili ni chakula na kulala. Wenye ndugu ku Kenya, ku Katuba ao ku Ruashi watalala kwao, lakini usifike na watoto wane mikono mitupu: beba unga, beba mafuta. Bahasha ya tatu ni ndogo, ya kutembea na ya kununulia watoto kitu. Feza ya masomo inabaki Kolwezi kwa mutu asiyesafiri. Na mutu asikope banki lamberi juu ya kwenda kucheza mpira. Tumeona mutu akirudia kulipa konje ya siku tatu mpaka Noeli.

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300, Likasi iko katikati. Magari makubwa ya shaba yamejaa njiani, vumbi na moshi, kwa hiyo bisi inatoka asubuhi, si magaribi. Shofele alale usiku ule. Hapo hatubishani na mutu.

Mchezo ni siku ya posho kisha saa nane. Barua ya kirafiki iseme mambo wazi: kiwanja gani, arbitri analipwa na nani, mayo za rangi gani, dakika ngapi. Sisi tumeomba dakika 30 mara mbili, na kubadilisha watu bila hesabu, maana wengi tumepita miaka 40 na vumbi ya miaka mingi iko mu kifua. Wiki moja mbele kila mchezaji apite ku dispanseri wamupime tansio. Yule ambaye tansio yake iko juu atakuwa kocha, kuna nafasi ya makocha wengi.

Mbele ya wanaume, wamama watacheza nzango. Wazo hili lilitoka kwao wenyewe, na tunafikiri litavuta watu kuliko mpira wetu. Nzango haiombi kitu: hakuna mupira, hakuna viatu vya bei. Mistari miwili ya wachezaji inatazamana, makofi, nyimbo, kila mmoja anaruka na kutoa muguu mbele ya mwenzake, na muguu uliotolewa njo unaamua nani amepata pointi. Wanawake wetu walicheza hivyo ku masomo wakiwa wasichana. Leo nzango ina timu zenye mayo na arbitri. Mama wa miaka 45 na binti yake wa 16 wanaweza kuwa upande mmoja. Mpira wetu hauwezi kusema vile.

Watoto watataka Mazembe. Mwezi wa saba mara nyingi shampiona imepumzika, kwa hiyo msiwaahidi mchezo mbele ya kuuliza. Lakini kupita Kamalondo kuona stadi, ile nyeusi na nyeupe iliyofunguliwa mwaka 2011, hiyo inawezekana. Waelezeni kwamba timu hii ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri wa Benedikto, ikaitwa Saint-Georges, kisha Englebert juu ya kampuni ya mipira ya motokari, na imechukua kikombe cha Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Mwaka 2010 ilifika fainali ya klabu za dunia mbele ya Inter ya Milano. Wenye kushangilia Lupopo, timu ya watu wa reli, watanyamaza dakika ile. Ao hawatanyamaza, tunawajua.

Chakula tumekipanga kwa uangalifu kuliko mchezo. Siku ya posho mangaribi kila mutu na jamaa yake watakula michopo: mbuzi inakatwa mbele yako, inachomwa ku moto, inaletwa na kitunguu na pilipili. Mupatane bei ya nyama mbele ya kisu kugusa nyama, si kisha. Asubuhi ya siku ya yenga tunaenda ku soko ya Kenya. Kule wamama watatafuta kikanda, ile keki ya mizizi na karanga inayokatwa vipande kama sosiso, na samaki ya Mweru iliyokaushwa, maana bei yake si ile ya Kolwezi. Watoto wapewe munkoyo. Uyoga na inswa msitafute, vyakati vyake ni mvua. Saa sita tutakula pamoja mu kiwanja cha ndugu mmoja: bukari, sombe, lengalenga, na samaki. Kila jamaa inaleta sufuria yake, wanaume wanachota maji na kukata kuni. Bia? Ndiyo, Simba iko, lakini inanunuliwa na bahasha ya tatu, na ile bahasha iko mu mukoba wa bibi.

Sasa kutembea. Zoo ni ya watoto wadogo, tutaipa saa mbili. Kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lile la matofali, tutalipita kwa muguu. Lakini pahali tunapotaka kukaa ni ku Muzeo ya Taifa, karibu na teatri, asubuhi ya siku ya posho mbele ya mchezo. Tutapiga simu mbele juu ya bei ya kundi. Mule kuna misalaba ya shaba. Mtoto wa mutu wa mine anajua shaba ya kampuni, mabamba yanayopita ku magari kwenda Kasumbalesa. Hajui kwamba mu makaburi ya Sanga, kule ziwa Kisale, wazee walizikwa na misalaba ya shaba miaka mamia mbele ya muzungu kufika. Ilikuwa feza, ilitumika kwa mahari. Na wayeyushaji wa zamani walifanya kazi yao wakati huu huu wa kiangazi, kisha mavuno, wakati malakiti inafikiwa bila maji. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 tu. Mtoto aisikie hiyo akiwa na musalaba mbele ya macho, si mu kitabu.

Kutoka muzeo tutaenda kutazama shimini ya Gécamines na kilima cheusi cha takataka ya tanuru. Mapicha yatapigwa, ni vizuri. Kisha wakubwa watawasimulia vijana habari ya mwezi wa 12, mwaka 1941. Wakati ule wa vita bei za vitu zilipanda, wafanyakazi weusi wa Union Minière wakaacha kazi wakiomba nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika ku kiwanja cha mpira cha kambi, hapa Lubumbashi, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake, aliuawa pale, na makumi ya wengine pamoja naye. Ku kiwanja cha mpira. Vijana wetu wengi hawajasikia jina hilo. Tumeomba kila timu, yetu na ya wenyeji, isimame dakika moja kimya mbele ya mchezo wa saa nane, wamama wa nzango pia. Wenyeji wamekubali, arbitri atapiga filimbi ya kuanza na ya kumaliza.

Kurudi ni siku ya kazi ya kwanza, saa kumi na mbili za asubuhi, kusudi wale wanaoanza kazi kesho yake walale. Mlete makoti ya watoto, baridi ya Likasi asubuhi haichekeshi, na kitambaa cha kufunika pua juu ya vumbi. Mwenye kutaka nafasi mu bisi aandikishe jina kwa delege wa ekipi yake, na aseme watu wangapi: yeye, bibi, na watoto.