Hasimu Asiyepandisha Sauti

Watunzi wengi wanaobuni mashine yenye akili na kuifanya adui wa binadamu huipa meno ya chuma na mngurumo, wakadhani kazi imekwisha. Mtazamaji hushtuka, kisha husahau. Sisi twaona kwamba hasimu wa kuaminika hahitaji mngurumo, ahitaji sababu.

Mfano bora ni HAL 9000, kompyuta ya filamu ya mwaka 1968 iitwayo 2001: A Space Odyssey. Waandishi wake ni Stanley Kubrick, aliyeiongoza, na Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyehamia kisiwa cha Sri Lanka mwaka 1956 na kufia huko mwaka 2008. HAL yaendesha chombo cha angani kiendacho Mshtarii, chenye wasafiri watano, watatu kati yao wakiwa wamelazwa usingizi wa muda mrefu. Haina mikono wala miguu, ila jicho jekundu na sauti ya upole. Hucheza sataranji na wasafiri na kusifu michoro yao. Siku moja yatangaza kwamba kifaa fulani kitaharibika. Kinapokaguliwa, chaonekana kizima. Wale wawili walio macho wanapojificha kushauriana waizime, yawasoma midomo. Mwishowe wanne wanakufa.

Kwa nini iue? Clarke alijibu katika kitabu chake cha mwaka 1982. Kompyuta hiyo iliundwa itoe habari za kweli bila kuficha neno. Kisha wakubwa wakaiamuru iwafiche wale wawili madhumuni ya safari yao. Amri mbili zisizopatana zikaivuruga akili. Ilipotambua kwamba itazimwa, ikachagua kuua ili safari itimie.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya hadithi hii. Kosa la HAL lina mzazi, na mzazi huyo ni binadamu mwenye cheo. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Leo mashine za akili bandia zimekwisha ingia maofisini, na hapana budi tujiulize tunaziagiza nini. Kiongozi anayemtaka karani aseme kweli asubuhi, na jioni akamwamuru aifiche, asistaajabu daftari likimgeukia. Mashine haitakuwa na subira ya karani. Basi kabla ya kuiogopa sauti yake ya upole, tuzichunguze kwanza amri zetu wenyewe.