Bendi ya Zaragoza
Mwaka 1984 ilianza bendi ya roki katika mji wa Zaragoza, Hispania, jina lake Héroes del Silencio, yaani Mashujaa wa Kimya. Santuri yao kubwa ya kwanza, ya mwaka 1988, ilinunuliwa sana. Lakini wenyewe hawakuridhika nayo, kwani magitaa yalilainishwa mno, hayakuvuma kama jukwaani. Basi santuri ya pili, ya mwaka 1990, ilisimamiwa na Phil Manzanera, mpiga gitaa wa Uingereza, na nguvu ile ikasikika. Hata Wajerumani waliwapenda, ingawa mwimbaji wao, Enrique Bunbury, aliimba kwa Kihispania. Katika santuri ya nne, mwaka 1995, magitaa yalinguruma kwa ukali. Mwaka 1996 waliachana; mwaka 2007 wakarudi kwa maonyesho 10 tu. Kumbe mauzo hayakuwaziba masikio.